Msimamizi Si Mtazamaji

Kuna kauli inayozunguka katika vyuo vikuu vyetu, kuanzia ofisi za wakuu wa idara mpaka kwenye viti vya nyuma vya vifodi vinavyotoka mjini Arusha kwenda Usa River: "Uzamivu ni wako, siyo wa msimamizi." Anaambiwa hivyo mwanafunzi aliyepeleka sura ya pili mwezi wa tatu na mwezi wa sita hajarudishiwa hata ukurasa. Anaambiwa hivyo aliyepotea katikati ya takwimu zake mwenyewe. Ujumbe wake wa simu una tiki mbili za buluu na jibu halijaja, naye akilalamika kwa wenzake, mmoja wao atamrudishia kauli hiyohiyo kama vile ni aya ya katiba.

Kauli ina ladha ya busara. Inamheshimu mwanafunzi kama mtu mzima, inampa mhadhiri nafasi ya kupumua, na inafunga mjadala papo hapo. Nyuma yake kuna imani pana zaidi: kwamba mwenye kipaji atatoboa tu, kwamba anayekwama ni mzembe au alidahiliwa kimakosa, na kwamba dawa ya tasnifu zinazochelewa ni kumbana mwanafunzi. Awekewe tarehe za mwisho, alipe ada ya kuchelewa, alazimishwe kuchapisha makala, na kazi yake ipitishwe kwenye programu ya kunasa wizi wa maandishi.

Imani hiyo ina kasoro kubwa. Inamtazama mtu mmoja tu kati ya wawili walioketi mezani.

Arusha ni mahali pazuri pa kuibishania. Tengeru, kilomita chache mashariki ya jiji kwenye barabara ya Moshi, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na kuzinduliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2012. Ni chuo kilichozaliwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Hakikuanza na maelfu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mbele kidogo, Makumira, kuna Chuo Kikuu cha Tumaini. Njiro wapo Chuo cha Uhasibu, taasisi ya menejimenti ya ESAMI na makao makuu ya TAWIRI, taasisi inayosimamia utafiti wa wanyamapori nchi nzima. Ngaramtoni wapo watafiti wa viuatilifu. Kuzunguka mlima mmoja, Meru, pana watu wengi wanaoishi kwa kuuliza maswali na kuandika majibu yake, na kila mmoja wao aliwahi kuwa na msimamizi, mzuri au mbaya.

Tuanze na hoja ya kipaji, kwa sababu ndiyo inayopendwa kuliko zote. Hakuna mtafiti aliyejipatia jina zaidi katika ardhi ya Tanzania kuliko Jane Goodall. Alifika Gombe Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, bila shahada yoyote. Mwaka uleule aliwaona sokwe wakichambua vijiti na kuvitumia kuvulia mchwa kwenye kichuguu, jambo lililowalazimisha wanasayansi kufikiri upya juu ya kinachomtofautisha binadamu na mnyama. Kwa hiyo alipoingia Cambridge mwaka 1962 kuanza uzamivu, kwa msukumo wa Louis Leakey, mtafiti aliyempeleka Gombe, kipaji alishakuwa nacho, takwimu alishakuwa nazo, na sifa ilishaanza kuvuma. Kama kuna mwanafunzi aliyestahili kuambiwa "kazi ni yako, nenda kamalize", ni huyu.

Hakuambiwa hivyo. Alipewa msimamizi, Robert Hinde, na Hinde alimsoma neno kwa neno. Goodall alisimulia mara nyingi kisa cha sokwe Fifi. Aliandika kwamba Fifi alikuwa na wivu watoto wengine walipomkaribia mdogo wake mchanga. Hinde akamwambia hawezi kuandika hivyo, kwa sababu hawezi kuthibitisha kilichomo moyoni mwa sokwe. Goodall akashikilia kwamba Fifi alikuwa na wivu kweli. Msimamizi hakuishia kumkatalia, wala hakumwacha ajitafutie. Alimpa njia: aandike kwamba Fifi alitenda kwa namna ambayo, angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu. Sentensi moja ikaokoa alichokiona msituni na ikamkinga mbele ya watahini. Mwaka 1966 akapata shahada yake, naye hakuacha kumshukuru Hinde kwa kumfundisha kufikiri na kuandika kisayansi.

Hapo ndipo usimamizi ulipo. Kibali cha chuo kilikuwa kazi ya karani, na kutembea msituni ilikuwa kazi ya Goodall. Kazi ya msimamizi ilikuwa ile sentensi, na haikupatikana kwa tiki mbili za buluu.

Wapo watakaosema Gombe ni mbali na Cambridge ni mbali zaidi. Basi tushuke kwenye maji ya Meru, ambayo kila mkazi wa Arusha anayajua kwa meno yake. Miamba ya volkano ya mlima huu imejaa madini ya floraidi, na chemchemi na visima vingi vya upande wa Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu vina floraidi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo asili ya meno ya kahawia na, kwa walioyanywa miaka mingi, mifupa inayopinda. Serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi Ngurdoto, kinachojulikana kwa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ni mada iliyoandikiwa tasnifu nyingi, na bado zitaandikwa.

Sasa chukua mwanafunzi anayeanza. Ana kifaa cha kupimia, ana ramani ya visima, ana ratiba ya kuchukua sampuli kiangazi na masika. Andiko lake la utafiti ni safi. Asipokuwa na mtu wa kumuuliza, atapima visima miaka 2 na kuleta majedwali mazuri. Msimamizi anayeifahamu nchi hii atamuuliza swali moja ambalo halimo kwenye kifaa: "Je, umepima magadi?" Familia nyingi za pande hizi huweka magadi kwenye makande na maharage ili yaive haraka, na magadi nayo yana floraidi. Mtu anaweza kunywa maji salama na bado akala floraidi kwenye sahani. Swali hilo likiulizwa mwezi wa pili, tasnifu nzima inabadilika. Likiulizwa na mtahini wa nje siku ya kutetea, mwanafunzi anarudi Ngarenanyuki na mwaka mmoja umekwenda na maji.

Ukimwita mwanafunzi huyo mzembe utakuwa umekosea. Alifanya kila alichojua. Aliyepaswa kujua zaidi hakuwepo.

Vivyo hivyo kwa dodoso. Maswali yanatungwa kwa Kiingereza chuoni, yanatafsiriwa usiku wa kuamkia safari, kisha mama wa Kimeru au mzee wa Kimaasai anaulizwa kama ana "ufahamu wa athari hasi". Anajibu ndiyo kwa heshima, na jibu linaingia kwenye asilimia. Msimamizi aliyekaa nusu saa na dodoso lile kabla halijachapishwa angeokoa mamia ya majibu.

Wanaoitetea kauli hupenda pia kutaja nyota wa hapa nyumbani, nao wana haki ya kujivunia. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Tengeru, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, ikiwa ndiyo mara ya kwanza kutolewa, kwa chujio la maji linalotumia teknolojia ya nano na linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. "Mbona yeye alitoboa?" wanauliza. Swali zuri. Uzamivu wake aliusomea Korea Kusini, ambako kwa kawaida mwanafunzi wa uhandisi hukaa ndani ya maabara ya profesa wake pamoja na waliomtangulia mwaka mmoja au miwili, na kosa la asubuhi huonekana kabla ya jioni. Kutaja mafanikio ya mtu na kuyaficha mazingira aliyosomea ni hesabu ya upande mmoja.

Twende kwenye dawa iliyozoeleka: kubana. Jirani zetu wa Kenya wameijaribu kwa bidii kuliko sisi, na matokeo yake yanafaa kusomwa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya huko ilitoa viwango mwaka 2014. Msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi 3 wa uzamivu na 5 wa uzamili kwa mwaka, na mwanafunzi wa uzamivu achapishe makala 2 katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Kwenye karatasi, nani angepinga? Kisha ikafika Juni 2019. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiliwavisha majoho ya uzamivu wahitimu 118 katika mahafali moja, wengi wao kutoka upande wa masomo ya biashara na rasilimali watu. Nchi ikashtuka. Waziri wa Elimu, marehemu George Magoha, akaagiza uchunguzi, na ikabainika kwamba baadhi ya wasimamizi walibeba wanafunzi wengi kuliko kiwango kinavyoruhusu.

Kanuni zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu saa. Na sharti la makala 2, ambalo lilikusudiwa kupandisha ubora, limewatajirisha wenye majarida ya kulipia yanayokubali andiko ndani ya wiki moja bila kulisoma. Mwanafunzi aliyebanwa bila kusaidiwa hutafuta mlango wa uani, na milango hiyo ipo mingi.

Mmoja upo kwenye vibanda vya stesheneri karibu na vyuo. Zamani walichapa na kujalidi. Siku hizi kijikaratasi cha ukutani kinatangaza kuchambua data, kuandika andiko la utafiti, "na kazi nyingine za chuo". Ni sekta kubwa. Filamu The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, imeonyesha vijana wa Kenya wanaoandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani kwa malipo. Wenye ujuzi huo hawashindwi kumwandikia mteja wa Arusha. Programu ya kunasa wizi haitawanasa, kwa sababu kazi yao ni mpya, haijanakiliwa popote. Anayeweza kuwanasa ni mmoja tu: msimamizi aliyezungumza na mwanafunzi wake kila mwezi, anayeujua mwandiko wa akili yake, na atakayeshangaa sura ya nne ikifika kwa sauti ya mtu mwingine. Asiyekutana na mwanafunzi wake hawezi kushangaa.

Hapa wasimamizi wana haki ya kujitetea, na utetezi wao una uzito. Mhadhiri wa Tanzania ana vipindi, mitihani ya kusahihisha, kamati zisizokwisha, mradi wa mfadhili unaodai ripoti, na mara nyingi shamba au biashara ndogo ya kuziba pengo la mshahara. Tuchukue mhadhiri mwenye wanafunzi 8 wa utafiti. Akimpa kila mmoja saa 2 za mazungumzo na saa 3 za kusoma kazi yake kwa mwezi, anahitaji saa 40. Ni wiki nzima ya kazi, kila mwezi, ambayo katika ratiba za vyuo vingi haionekani popote. Kipindi cha darasani kina saa, kina chumba, kina mahudhurio. Usimamizi hufanywa usiku, kwenye kona ya meza ya chakula, kama hisani.

Ndiyo maana kauli ya "uzamivu ni wako" imeshamiri. Ni namna ya heshima ya kusema "sina muda". Lakini hoja ya uchovu haiitetei kauli hiyo, inaipinga. Kama wasimamizi wamezidiwa, basi udahili umepita uwezo wa usimamizi, na hilo ni kosa la anayedahili. Chuo kinachopokea ada ya mwanafunzi wa 9 kikijua msimamizi wake ameelemewa na 8 kimeuza kitu ambacho hakina.

Sehemu nyingine ya imani hii haisemwi kwa sauti: kwamba aliye na uzamivu anajua kusimamia. Kwa nini? Kwenye geti la Momella, mgeni anayetaka kupanda Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, hupewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Waongozaji wa watalii nao wanapata mafunzo na leseni. Hakuna anayekabidhiwa kundi la wageni kwa hoja kwamba aliwahi kufika kileleni mara moja, miaka 15 iliyopita, kwa kupitia njia moja, tena akaumwa kichwa tangu kibanda cha Miriakamba. Mhadhiri mpya, kwa upande wake, anarudi na joho kutoka Sweden au China, na muhula unaofuata anakabidhiwa wanafunzi 4. Anachokijua kuhusu usimamizi ni kile alichofanyiwa. Kama alisimamiwa vizuri, atarithisha wema. Kama alidharauliwa, kuna hatari atarithisha dharau na kuiita ukakamavu.

Kusimamia kunafundishika, na tayari kunafundishwa Afrika. CARTA, ushirika wa vyuo ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa kutoka kituo cha utafiti cha APHRC Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, unawakutanisha wanafunzi wa uzamivu kwa wiki kadhaa mara kwa mara na unawapa mafunzo wasimamizi wao pia. Chuo Kikuu cha Makerere kimo. Chuo Kikuu cha Stellenbosch, kwa msaada wa Ujerumani, kimeendesha kozi ya mtandaoni ya wasimamizi wa uzamivu katika vyuo vya Afrika. Haya si mambo ya anasa, na hayahitaji jengo. Labda ndiyo sababu hayazungumzwi sana. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia imeufadhili kwa dola milioni 425 kuanzia mwaka 2021, umejenga maabara na madarasa katika vyuo vya umma na kusomesha wahadhiri; ni kazi njema. Jiwe la msingi la usimamizi, hata hivyo, halina mahali pa kuwekwa utepe.

Kuna jambo la mwisho, zito, ambalo kauli hii inalifunika. Uhusiano wa msimamizi na mwanafunzi kwetu hauko sawa hata kidogo. Mwanafunzi huanza na "Shikamoo Profesa" na kumaliza na "samahani kwa usumbufu". Kumkumbusha mtu mzima kwamba amechelewa ni utovu wa adabu, na kuomba kubadilishiwa msimamizi ni kama kutangaza vita katika idara ambayo wote wanafahamiana tangu walipokuwa wanafunzi. Mlango ukifungwa, ndani wamebaki wawili, na mmoja ana saini ambayo mwingine hawezi kuhitimu bila hiyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imeitaja rushwa ya ngono waziwazi, na Takukuru imekwisha kuichunguza katika vyuo vikuu. Kumwambia mwanafunzi wa kike "uzamivu ni wako, jitegemee" katika mazingira hayo ni kumkabidhi mtu mmoja funguo zote za nyumba.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kuongeza macho. Wasimamizi wawe wawili au watatu, mmoja akiwezekana atoke nje ya chuo. Arusha ina bahati ya kuwa nao: mtaalamu wa wanyamapori yuko Njiro, wa mboga na matunda yuko Tengeru, wa maji yuko Ngurdoto. Kila mkutano uwe na maandishi mafupi yanayosainiwa na pande zote mbili. Kazi iliyopelekwa irudishwe ndani ya muda uliokubaliwa, na siku zikipita bila jibu, kurugenzi ya uzamili ndiyo iulize, siyo mwanafunzi anayetetemeka. Saa za usimamizi ziingizwe kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri, zilipwe na zihesabiwe anapoomba kupanda cheo, sawa na makala zake.

Mwanafunzi naye ana wajibu, na hakuna anayebisha. Mwalimu wa sekondari au ofisa wa halmashauri anayesoma huku akifanya kazi atachelewa wakati mwingine kwa sababu zake mwenyewe, na aambiwe wazi. Lakini aambiwe na mtu aliyeisoma kazi yake.

Seneti za vyuo vya Arusha zitakaa tena kupitisha majina ya watakaodahiliwa. Mbele ya kila jina pawepo safu mbili zaidi: nani atamsimamia huyu, na kwa saa ngapi kila mwezi. Jina ambalo safu zake ziko tupu lisubiri mwaka unaofuata.